Bomba Lisilolala



Katika nyumba zetu za Pwani maji hayapotei kimya. Mtu akaaye Mombasa aijua siku ya mgao wake kama aijuavyo siku ya Ijumaa, kwani maji yatokayo chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi huja kwa mwendo mrefu, na yafikapo kwenye mifereji yetu huwa yamegawanywa mara nyingi njiani. Siku yasipokuja ni boza, au ni mkokoteni wa jerikeni. Ndiyo maana kila nyumba yenye uwezo imeweka tangi, na kila tangi lina mtu wake wa kulipandia na kulichungulia. Tangi hilo likipungua bila sababu, swali la kwanza watu waulizalo ni "nani?" Swali la "nini kimeharibika?" huja baadaye, pengine lisije kabisa.

Mwaka huu swali la "nani" liliingia nyumbani kwetu Kisauni na likakaribia kumtoa kijana wa watu kazini. Kilichomwokoa ni futi ya fundi cherehani, kipimo cha umeme na bisibisi. Na kwa kuwa najua nyumba nyingi za wasomaji wa jarida hili sasa zina bustani zinazojimwagilia zenyewe, nyingine zimeletwa na watoto walio Ughaibuni kama ilivyoletwa yetu, nimeona niyaeleze yale tuliyoyaona, kwa urefu kidogo, maana mafundi wa vitu hivi si wengi na wengi wao hukwambia ununue kipya kabla hawajafungua cha zamani.

Bustani yetu si kubwa. Ina mdimu mmoja, mipapai, vitalu vya mchicha na mnavu, rehani, na safu mbili za asumini za mavyaa wangu. Hizo asumini ndizo roho ya bustani. Mavyaa huchuma vikonyo vyake jioni kabla havijafunguka, akavitandaza juu ya kitambaa kilichonyevuka, na ukiwapo msimu wa harusi nyumba nzima hunukia vikuba. Ni pato lake la halali, na ni jambo alifanyalo tangu hajawa mkwe wa mtu. Mashina yale yanataka maji ya kiasi kila siku mbili, hasa katika miezi ya kaskazi, jua linapochoma hata kivulini.

Mwanangu wa pili anafanya kazi Maskati. Huko Oman kumwagilia ni elimu ya wazee. Mifereji yao ya aflaj, ambayo mitano kati yake imetiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, hupeleka maji shambani kwa mteremko mtupu, na kila mwenye zamu hupata fungu lake kwa saa. Bustani za mijini kule siku hizi zinakwenda kwa mabomba ya matone na vali za umeme. Basi mwanangu akaona bibi yake anateseka na ndoo, akatuletea vali tatu, saa ya kuziamrisha na mipira ya matone, fundi akaja akavifunga. Kwa miezi saba kila kitu kilikwenda vizuri. Mavyaa alikuwa akisimama barazani saa kumi na moja asubuhi kusikiliza "tik" ya vali, akacheka peke yake.

Kisha tangi likaanza kuishiwa. Tangi letu ni la lita 5,000, liko juu ya mnara wa zege nyuma ya jiko. Tulikuwa tukilijaza Jumatatu likatufikisha Ijumaa. Likawa halifiki Alhamisi, kisha Jumatano. Wakati huohuo safu za asumini zikaanza kunyauka. Jirani mmoja akasema amemwona kijana wetu wa bustani, mara mbili, akipita uchochoroni na jerikeni kabla ya alfajiri. Hapo hesabu ya watu ilikamilika: maji yanapungua, mimea inakauka, kijana anabeba jerikeni, kwa hiyo kijana anauza maji. Shemeji yangu, ambaye ndiye alipaye gharama za boza, alitaka aondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Nilimwomba siku nne. Alinipa, ingawa kwa uso wa mtu ampaye mtoto peremende.

Nimesomesha fizikia miaka 26, na mwalimu hastaafu. Jambo la kwanza ni kuyajua maji yenyewe yanapungua kiasi gani. Nilipanda mnarani na futi ya kitambaa nikauzungusha mzingo wa tangi: mita 5.7. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, chukua nusu yake uizidishe kwa yenyewe, kisha uzidishe tena kwa 3.14, utapata kuwa kila sentimita moja ya kina cha tangi lile ni karibu lita 26. Kila nyumba ingefaa ijue hesabu yake hii. Ukiijua, huhitaji mita ya kampuni yoyote kujua usiku wako ulikwendaje; kijiti kilichotiwa alama kinatosha.

Usiku wa kwanza nilifunga koki ya nyumba baada ya Isha, watu wakajaza ndoo zao za udhu mapema, na nikaiacha wazi koki ya bustani. Tulipima saa nne usiku na tukapima tena saa kumi na moja alfajiri. Maji yalikuwa yameshuka sentimita 17, yaani lita 440 hivi kwa saa saba. Hizo ni jerikeni 22. Usiku wa pili nilifunga koki zote mbili, kijiti hakikusogea. Kwa hivyo tangi halikupasuka, na hakuna aliyekuwa akichota kwa juu. Usiku wa tatu ulikuwa wa Jumamosi, na kijana alikuwa amekwenda kwao Kaloleni kwenye msiba. Nikafungua tena koki ya bustani peke yake. Alfajiri maji yalikuwa yameshuka sentimita 17.

Shemeji alinyamaza, kisha akasema huenda kijana ana mwenzake. Sikumbishia. Mwenye kushuku hafungwi mdomo kwa kijiti kilichotiwa alama. Inambidi alione tundu lenyewe. Lakini mimi nilikwishajua kuwa tunatafuta kitu kinachovuja kiasi cha lita moja kila dakika, mchana na usiku, na kwamba kiko kati ya koki ya bustani na mimea.

Kabla sijaendelea, na mniwie radhi kwa somo fupi, ni lazima niseme vali hizi zinafanyaje kazi, kwani asiyejua hilo atabadilisha vitu kwa kubahatisha. Watu wengi hudhani umeme ndio unaofungua na kufunga maji kwa nguvu zake. Sivyo. Umeme wake ni mdogo, volti 24, hauwezi kushindana na maji. Ndani ya vali kuna kiwambo cha mpira, kimewambwa kama ngozi ya ngoma, na juu yake kuna chumba kidogo chenye springi. Kiwambo kina kitundu chembamba kinachoruhusu maji yapande katika chumba kile cha juu. Maji ya juu yanakikandamiza kiwambo kwa eneo kubwa kuliko yale ya chini yanavyokisukuma, kwa hiyo kiwambo kinakaa chini na vali inakuwa imefungwa. Saa inapopeleka umeme, koili inavuta kijichuma, kijichuma kinafungua njia ndogo, maji ya chumba cha juu yanatoka, na kiwambo kinainuka. Umeme ukikatika kijichuma kinarudi, chumba kinajaa tena, na vali inajifunga. Kwa maneno mengine, maji yanafungwa na maji yenyewe. Umeme ni bawabu tu.

Kutokana na hayo unaweza kuyagawa maradhi ya vali mafungu mawili. Kuna vali isiyofunguka na kuna vali isiyofunga. Isiyofunguka, mshuku kwanza umeme na njia zake. Isiyofunga, mshuku kwanza uchafu, mpira na presha. Kwetu tulikuwa na aina zote mbili katika shimo moja, ndiyo sababu watu walichanganyikiwa: bustani inakauka na tangi linaisha kwa wakati mmoja.

Tulianza na vali ya asumini, kwa kuwa mavyaa alikuwa akitutazama kutoka barazani na sikuweza kustahimili yale macho. Saa ilikuwa ikionyesha kwamba imeifungua, ila mipira ilikuwa mikavu. Kila vali ya namna hii ina njia ya kuifungua kwa mkono, ama kwa kuzungusha koili kidogo ama kwa kulegeza skrubu ndogo iliyo juu yake. Niliizungusha koili robo ya mzunguko, na maji yakaja papo hapo. Alhamdulillah: maana yake kiwambo ni kizima, njia za maji ni wazi, na kosa liko kwenye umeme. Dakika moja ya kujaribu kwa mkono imewaokoa watu wengi na gharama ya vali mpya.

Baada ya hapo ni kipimo cha umeme. Kinapatikana maduka ya vifaa vya umeme na si ghali, na kina dada wasikiogope. Kwanza saa ichomolewe ukutani, maana volti 24 zinazokwenda bustanini hazidhuru, lakini ndani ya saa au pembeni mwake kuna transfoma inayopokea 240. Kisha nyaya za vali zitolewe kwenye saa na kupimwa ukinzani. Koili nzima ya aina hii kwa kawaida husoma kati ya omu 20 na 60. Ikisoma karibu na sifuri, imeungua na kushikana ndani. Isiposoma kitu, kuna mahali waya umekatika. Vali zetu mbili zilisoma 31 na 33. Ya asumini haikusoma kitu.

Fundi mwenye haraka angesema koili imekufa. Ila kipimo kile kilichukuliwa kwenye saa, mita 20 kutoka kwenye vali, na katikati kuna waya na maungio. Nilikwenda mpaka shimoni, nikaikata ile ncha karibu na koili yenyewe nikapima: omu 32. Koili ilikuwa nzima. Tulipofukua maungio tulikuta yalizungushiwa utepe wa kawaida wa umeme na kuzikwa udongoni. Shaba yake ilikuwa imegeuka kijani na kumomonyoka kama biskuti. Hewa yetu ina chumvi, udongo wetu una chumvi, na maji ya visima vya huku yana chumvi. Utepe ule haukustahimili hata mwaka. Tulikata mpaka kwenye shaba inayong'aa, tukaunga upya kwa vile vifuniko vilivyojazwa grisi visivyopitisha maji, tukavinyanyua juu ya udongo ndani ya kisanduku. Jioni ile asumini zikanywa.

Nani mwenye lawama hapo? Aliyefunga mfumo alifanya kazi safi kwa macho, mabomba yamenyooka, shimo limejengwa. Nadhani alijifunza mahali ambapo udongo ni mkavu. Simlaumu sana, lakini nawaambia: fundi akimaliza, muulizeni maungio yako wapi na yamefunikwa kwa nini.

Vali ya pili ilikuwa ya vitalu vya mboga, na hii ndiyo iliyokuwa ikivuja. Njia ya kuijua haina ufundi wowote: funga saa kabisa, subiri robo saa, kisha nenda mwisho wa kila mpira ushike kwa mkono. Kwenye vitalu, mwisho kabisa karibu na ukuta wa uchochoro, maji yalikuwa yakitiririka taratibu. Tulifunga koki kuu, tukafungua mfuniko wa vali. Skrubu zifunguliwe kwa mshazari, moja huku na ya pili upande wa pili, na mfuniko uinuliwe polepole, maana springi hupenda kuruka na kupotea kwenye majani. Chini ya kiwambo, pale kinapokalia, kulikuwa na punje mbili za mawe ya matumbawe na mchanga mwembamba. Punje ndogo kuliko ya mchele ikikaa pale, kiwambo hakitulii, na maji yanapita usiku kucha. Kitundu chembamba cha kiwambo nacho kilikuwa kimezibwa nusu kwa magadi meupe yale yaachwayo na maji magumu, yale yale tuyaonayo kwenye birika la chai. Kitundu kikizibwa, chumba cha juu hakijai, na vali haifungi hata ikiwa safi kwingine kote.

Tulikisafisha kiwambo kwenye bakuli la maji safi. Magadi ya kwenye plastiki tuliyalainisha kwa siki iliyochanganywa na maji, yakatoka baada ya nusu saa. Kitundu tulikizibua kwa unyasi laini wa ufagio. Msitumie sindano, kwani kitundu kikipanuka au mpira ukichanika, tumbo la vali limeharibika. Ukiinua kiwambo juu ya taa utaona kama kina ufa. Chetu hakikuwa nacho. Skrubu zikarudishwa kwa mshazari vilevile, kwa mkono mwepesi, kwa sababu uzi wake umechongwa kwenye plastiki na ukikaza kwa nguvu za kiume umeumaliza.

Hapo ndipo kijana, aliyekuwa amerudi kutoka Kaloleni na kunishikia taa, aliposema kwa upole, "Mama, hili bomba halilali. Nilimwambia mzee tangu mwezi ule." Nikamuuliza ni mzee gani. Ni shemeji. Alimwambia kwamba mpira wa ukutani unatoka maji usiku, na shemeji, aliyekuwa kwenye simu, alimjibu kuwa mashine za kutoka Arabuni zina akili kuliko wao wawili. Kijana akaona basi ndivyo zilivyo. Lakini yeye ni mtoto wa watu wasioona maji yakimwagika wakanyamaza, kwa hiyo akawa anaamka mapema, anatega jerikeni mbili chini ya ule mpira, na zikijaa anampelekea ajuza mmoja wa nyuma ya ukuta, mjane asiye na mfereji, ambaye alikuwa akinunua kwa mkokoteni. Jirani aliona kweli. Jerikeni zilikuwepo, alfajiri ilikuwepo, uchochoro ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mwenye jerikeni.

Tulipofunga mfuniko uvujaji ulipungua, ila haukwisha. Hapa ndipo penye ugumu ambao sijausikia ukisemwa na muuzaji yeyote. Nyuma ya vali, kwa maandishi madogo, imeandikwa kuwa inahitaji presha isiyopungua bari 1. Bari moja ni uzito wa maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hivi. Tangi letu liko mita 6 juu ya vali likiwa limejaa, yaani bari 0.6, na linapopungua presha hupungua nalo. Kumbukeni nilivyosema kuwa maji yanafungwa na maji. Yakiwa dhaifu, hayana nguvu ya kukikandamiza kiwambo, na springi peke yake haitoshi. Kule mwanangu aliko, maji hutoka kwenye mabomba kwa kishindo au husukumwa na pampu, na vali hizi zinafunga kama mlango wa benki. Kwetu, kwenye tangi la mnarani, vali ileile inafunga kwa kusitasita. Mwanzoni mpira wake ulikuwa mpya na laini, ukavumilia. Ulipoingia mchanga na ukakakamaa kidogo, uvumilivu ukaisha. Vali haina ubovu. Imepelekwa mahali ambapo haikutengenezewa.

Kwa hiyo msomaji mwenye tangi la juu na asiye na pampu, kabla hujanunua au kuletewa vali, soma hiyo nambari. Zipo vali za mota, zenye tufe lenye tundu linalogeuzwa kwa mota ndogo. Hizo hazijali presha, zinafunga hata maji yakiwa yamesimama. Zinachelewa sekunde kadhaa kufunga, na bustanini hilo halina neno. Tulinunua moja ya volti 24 inayoafikiana na saa yetu, tukaipa asumini. Ile vali ya asumini iliyotolewa, yenye kiwambo kisafi na koili nzima, tumeiweka kwa ajili ya siku tutakayotia pampu. Vali ya tatu, ya mdimu na mipapai, iko chini zaidi mwisho wa mteremko, ambako kimo cha maji ni kikubwa kidogo, nayo inafunga vizuri hadi leo. Vitalu vya mboga tumeviwekea koki ya mkono.

Na kabla ya vali zote tumeweka chujio la wavu, lile la namba 120 linalotumika kwa mabomba ya matone. Halikuwapo mwanzoni. Linafunguliwa kila Ijumaa asubuhi na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Wiki ya kwanza lilitoa mchanga wa kujaza kifuniko cha soda, baada ya boza moja tu. Mwisho wa kila mpira nao hufunguliwa mara moja kwa mwezi maji yatoke kwa kasi, yasukume kilichotuama.

Usiku wa tatu baada ya matengenezo, kijiti hakikusogea. Tangi likarudi kutufikisha Ijumaa.

Ila kufunga uvujaji kulikuwa na upande wake mwingine, ambao mimi na mavyaa tuliufikiria usiku uleule. Lita 440 zilikuwa zikipotea, na 40 kati yake hazikupotea. Zilikuwa zikimfikia mtu. Sasa yule ajuza wa nyuma ya ukuta angeamka asubuhi akute mlango wake mkavu, na sababu ni kwamba sisi tumekuwa mahodari. Mavyaa hakungoja mashauriano. Asubuhi, mbele ya shemeji, alimwita kijana akamwambia, "Mwanangu, jerikeni zako mbili usiziache. Ila uzijaze kwenye mfereji wa uwani, mchana, kwa mlango wa mbele." Shemeji akatazama chai yake. Jioni alikwenda bustanini peke yake, akakaa na kijana kwenye ukingo wa shimo la vali kwa muda mrefu. Waliyoambiana hayakutufikia, na sikuuliza. Mwezi ulipokwisha, kijana alilipwa mshahara wake mbele ya watu wote, na juu yake nauli ya Kaloleni ya ule msiba.

Jirani aliyeona jerikeni bado anaona mengi. Yeye nimemtumia chipukizi cha asumini.

Mwanangu alipiga simu juzi kuuliza vali zake zinaendeleaje. "Mama, zote tatu zinafanya kazi?" Nikamwambia moja inafanya, moja imepumzika, na moja nafasi yake imechukuliwa na koki ya shaba, ambayo kijana anaifungua baada ya Alasiri na kuifunga kabla ya Magharibi, na ambayo haijawahi kukosea saa. Akacheka, akauliza kama atulete pampu ndogo safari ijayo. Nimemwambia alete, lakini kwanza anipigie picha ya maandishi ya nyuma.